Kwa Nini Witness Anamwaga Maji

Kijiwe chetu kinaitwa Geti. Jina tulipachikwa na dereva mmoja wa watalii, alisema hata kule kwenye lango la Ngorongoro mtu hasumbuliwi kama anavyosumbuliwa akipita kwetu. Hakukosea. Tunakalia siti ya nyuma ya Landkruza iliyozeeka, tumeiegemeza kwenye ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, na hakuna anayepandisha kutoka bombani bila kuulizwa anatoka wapi, anakwenda wapi na kwao wanaendeleaje. Sisi tunaita kujuliana hali. Mbele yetu kuna jiko la Dorkasi, mama kahawa, na kahawa yake ni ya mashamba ya hapa hapa Karatu, nyeusi, chungu, inamfanya mtu aongee kuliko alivyokusudia. Silvanus ana shamba la ngano na maharage Mbulumbulu, ila asubuhi zake ziko hapa. Adrian ni fundi simu, tunamwita Chaji, ndiye mdogo wetu na ndiye mwenye domo. Mzee Tajewo ni Mmasai wa Ngorongoro, analinda duka hilo usiku, na mchana analinda siti. Mimi ni Yohani, wananiita Shefu kwa sababu niliwahi kupika kwenye lodge moja ukingoni mwa kreta, na tangu hapo sijakubali kushindwa hoja na mtu ambaye hajawahi kumpikia Mzungu supu ya boga.

Jumamosi hiyo kahawa ilikuwa ndiyo kwanza imechemka, Witness akatokea na ndoo kichwani. Witness ni binti wa Silvanus, ana miaka kumi na minne, yuko kidato cha kwanza. Mwaka huu amerefuka mpaka sketi ya shule iliyokuwa inafunika magoti sasa inafunika inapoweza. Tukamwona, tukafurahi, tukaanza kujuliana hali.

Silvanus: Shingo juu, mwanangu! Usitazame chini!

Mimi: Angalia hilo jiwe hapo chini!

Chaji: Oya Witness, mtihani wa hesabu vipi, umetoboa?

Dorkasi: Ukipita hapa niachie maji kidogo kwenye sufuria, eeh mama?

Tajewo: Entito! Sopa!

Na mzee, ambaye kila binti kwake ni entito kwa Kimasai, akanyoosha mkono. Kwao mtoto anamwinamia mkubwa kichwa, mkubwa anamgusa utosini, hiyo ndiyo salamu, na watoto wa mtaa wetu, hata hawa wetu wa Kiiraqw, wameshazoea kumwinamia. Witness akasema shikamooni. Akanyanyua shingo kwa ajili ya baba yake, akashusha macho kulitafuta jiwe langu, akafungua mdomo amjibu Chaji, akageukia sufuria ya Dorkasi, akataka kumwinamia mzee. Mguu mmoja ukaenda Arusha, mwingine ukaenda Mbulu. Ndoo ikaja chini, maji yakaingia kwenye jiko, makaa ya upande mmoja yakalia chwaa.

Hakulia. Akaokota ndoo yake, akaomba radhi kwa Dorkasi, akarudi bombani bila kutuangalia.

Silvanus: Mmeona? Mmeona wenyewe? Nikisema mnaniambia nina wasiwasi.

Dorkasi: Pole, baba Witness. Na jiko langu pole.

Silvanus: Juzi hivyo hivyo. Wiki iliyopita hivyo hivyo. Mtoto alikuwa anabeba ndoo tangu yuko darasa la tatu, hadondoshi tone. Mwaka huu kila siku chini. Nimeshaamua. Kesho baada ya misa dada yangu Evarista anakuja kumchukua, anakwenda naye Buger.

Chaji: Buger kufanya nini, dingi?

Silvanus: Kuna bibi huko anatibu watu wa kuanguka. Atakaa naye mpaka apone.

Dorkasi: Na shule?

Silvanus: Shule itamsubiri.

Hapo hata Chaji aliweka andazi chini, na Chaji akiweka andazi chini ujue jambo ni zito. Shule haimsubiri mtu, na Silvanus analijua hilo. Ni yeye aliyetutembeza mtaa mzima siku matokeo ya darasa la saba yalipotoka, anamwonyesha jina la binti yake hata mtu asiyejua kusoma.

Mimi: Silvanus, si mlimpeleka zahanati?

Silvanus: Tulimpeleka. Wamempima macho, masikio, damu, wamemgonga magoti na kanyundo. Wanasema hana kitu, anakua tu. Sasa na wewe Shefu niambie, kukua ni ugonjwa? Mimi sikukua?

Chaji: Ulikua kwa upana.

Silvanus: Nyamaza wewe. Mdogo wangu wa mwisho alianza hivi hivi. Anaanguka, tunacheka. Anaanguka, tunacheka. Hatukumpeleka popote, na leo hatuko naye. Mimi sirudii kucheka.

Ndugu msomaji, ungekuwa mtu wa kawaida ungempa mkono, ukanyamaza naye. Sisi ni watu wa Geti. Tulimwonea huruma kweli, ila huruma yetu huwa inatoka kwa njia ya mdomo. Kila mtu akaona wajibu wake ni kumtafutia Silvanus sababu nyingine, yoyote ile, ili mradi isiwe ile aliyoitaja.

Chaji: Dingi, sikia. Hiyo ishu iko wazi. Kichwa cha huyo dogo kiko kwenye apdeti. Simu ikiwa inaapdeti, wewe ukaanza kufungua muziki, ukafungua picha, ukapiga na simu, itafanyaje? Itaganda. Miguu ni mipya, mikono ni mipya, mfumo mzima unasajiliwa upya. Sasa hivi anaweza jambo moja moja tu.

Silvanus: Mwanangu si simu.

Chaji: Nakubali. Simu ningeshaifungua.

Tajewo: Wewe Chaji unajua simu tu. Mimi nimechunga. Ile mtoto ya twiga ikizaliwa, maguu ndefu, kichwa iko huko juu, haijui maguu iko wapi. Inaanguka, inasimama, inaanguka. Baadaye inajua. Hii entito imepata maguu mpya mvua hii. Miguu imefika nyumbani, akili iko bado nyuma inachunga.

Dorkasi: Hiyo sasa nimeielewa.

Mimi: Subirini, subirini. Mbona mnamsingizia mtoto? Angalieni barabara. Mimi nilikaa kule juu miaka, nikiweka supu kwenye meza inajikusanya upande mmoja wa bakuli. Kila siku upande huo huo. Upande wa kreta. Hii nchi yetu yote imeinama kuelekea kreta, polepole, serikali haijatangaza tu ili watalii wasikimbie. Mtoto mfupi haisikii. Ukirefuka inakushika.

Chaji: Shefu, meza ilikuwa mbovu.

Mimi: Meza zote?

Chaji: Na wewe ulishaiangalia supu ukiwa umelala usingizi wa kutosha?

Dorkasi: Mimi nitasema, mkinicheka sijali. Huyo mtoto ameanza kujiona. Nyie wanaume hamjui. Ukiwa mtoto wa kike, unafika umri ukipita mbele ya watu unahisi wote wanakutazama. Unaanza kufikiria unatembeaje. Na ukishafikiria unatembeaje, huwezi kutembea. Mimi niliwahi kujikwaa kanisani, sakafu tupu, zulia limelala vizuri, kwa sababu kwaya yote ilinigeukia.

Alikuwa amesema jambo la maana kupita yetu yote. Lakini alilisema huku anapuliza makaa yaliyolowa, moshi ukatuingia machoni, hakuna aliyemjibu. Tukaendelea na sayansi.

Chaji: Aah, nimepata! Tuko juu sana. Karatu ni mlimani, si ndiyo? Dunia inazunguka. Anayekaa kwenye ukingo wa gurudumu anazungushwa kwa kasi kuliko anayekaa katikati. Kwa hiyo huku juu sisi tunazungushwa kinyama kuliko watu wa Dar. Sasa ongeza na urefu wa dogo, ongeza na ndoo.

Mimi: Kwa hiyo watu wa Dar hawaanguki?

Chaji: Wanaanguka kwa mambo mengine.

Tajewo: Hapana. Ni tembo.

Silvanus: Tembo tena, mzee?

Tajewo: Tembo zinashuka usiku, zinakuja kula mahindi yenu. Nasikia mimi, niko macho. Zikitembea ardhi inacheza. Asubuhi tembo zimerudi msituni, lakini ardhi haijamaliza kucheza. Mtu mzima hasikii. Mwenye maguu mpya anasikia.

Mimi: Sasa hapo mzee umeunga mkono hoja yangu ya kreta.

Tajewo: Sijaunga. Ya kwako ni ya uongo.

Silvanus hakucheka hata mara moja. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, kahawa imepoa ndani yake, anatazama njia ya bombani. Nilimwonea uchungu rafiki yangu. Nilitaka nimwambie asimpeleke mtoto, lakini ningemwambia kwa hoja ipi, supu?

Sasa pembeni ya jiko alikuwepo mama mmoja wa Kimasai, amekaa juu ya mfuko wake, ana shuka begani na shanga za kawaida. Alishasalimiana na Mzee Tajewo kwa lugha yao, tukajua anaitwa Nareyu, anasubiri gari la kwenda Sale, na alikuwa amelala kwa mdogo wake aliyeolewa ng'ambo ya korongo. Kahawa alishaimaliza. Alikuwa anatusikiliza tu, anageuza kichwa kwa kila anayeongea.

Nareyu: Samahani wazee, naweza kuuliza?

Mimi: Uliza, mama. Hapa ni chuo.

Nareyu: Hilo bomba mnalosema, ni lile la ng'ambo ya korongo?

Silvanus: Ndiyo hilo. La huku lina miezi halitoi.

Nareyu: Na njia ni ile ya gogo?

Silvanus: Ndiyo hiyo hiyo. Gogo moja, hakuna nyingine.

Nareyu: Mimi nimelipita asubuhi hii. Nimevua viatu, nikashikwa mkono na shemeji yangu, na sikuwa na mzigo. Sasa huyo mtoto, hayo maji anayoyamwaga hapa, kule kwenye gogo huwa anavukaje nayo?

Chaji akainua kidole, kidole kikabaki hewani. Mzee Tajewo akatazama juu kama anayetafuta tembo mawinguni.

Kwa wasioijua njia hiyo, niwaeleze. Korongo letu mvua imelichimba mpaka mtu mzima akisimama chini humwoni. Juu yake kuna gogo la mkaratusi, limesuguliwa na miguu ya watu mpaka limekuwa laini, na baada ya hapo ni mlima wa mawe matupu hadi kona yetu. Witness anavuka gogo hilo na ndoo kichwani, anapanda mawe hayo, anafika mbele yetu ndoo imejaa hadi ukingoni. Ndoo imejaa! Kama isingekuwa imejaa, jiko la Dorkasi lingelowaje?

Silvanus: Kule hajawahi kuanguka.

Nareyu: Nani amemwona?

Silvanus: Hakuna aliyemwona. Yuko peke yake. Lakini angeanguka kwenye gogo ningejua, ningekuwa nimeshazika.

Dorkasi: Na nyumbani je, kutoka hapa hadi getini kwako?

Silvanus: Hapana. Hata pale hapana.

Dorkasi: Juzi alianguka wapi?

Silvanus: Hapa.

Dorkasi: Na wiki iliyopita?

Silvanus alinitazama mimi, akamtazama Chaji, akamtazama mzee, halafu akaitazama siti tuliyoikalia, akainuka kidogo kana kwamba imemuunguza.

Chaji: Sasa, kisayansi, inawezekana kule hakuna mtandao...

Dorkasi: Adrian.

Dorkasi akimwita Chaji kwa jina la ubatizo, mazungumzo yamekwisha.

Mama Nareyu alikuwa hajui alichotufanyia. Aliuliza kama gari la Sale huwa linachelewa hivi, Dorkasi akamwambia litakuja, akammiminia kahawa nyingine. Sisi tulikaa. Kwenye akili yangu nilikuwa namwona Witness tangu mwaka uanze, kila asubuhi, na mimi kila asubuhi na jiwe langu. Jiwe lenyewe lipo pale tangu enzi za babu, hakuna aliyewahi kulikanyaga.

Halafu tukaiona ndoo yake ikichomoza kutoka mteremkoni, ngata, nywele, halafu uso.

Silvanus: Mtu asiseme kitu.

Tajewo: Hata salamu?

Silvanus: Hata salamu, mzee wangu. Nakuomba.

Tajewo: Mtoto kupita bila salamu ni mbaya.

Silvanus: Najua. Aibu nitaibeba mimi.

Mzee Tajewo akaukalia mkono wake wa kulia. Wallahi aliukalia, maana ulishaanza kuinuka wenyewe. Chaji akajaza mdomo wake andazi zima. Mimi nikaangalia sakafu ya duka. Dorkasi akageuka, akajifanya anatafuta vikombe ambavyo vilikuwa mbele yake.

Witness alipofika karibu alipunguza mwendo. Nilimwona kwa jicho la pembeni, anatusubiri tumwanzie, kama mtu anayesubiri mvua aliyoiona kwa mbali. Hatukuanza. Alipokuwa sawa na jiko, ndoo iliyumba, nami jiwe langu likanifika ulimini, nikalimeza. Maji kidogo yakamwagikia begani. Mguu wake mmoja ukachelewa, ukapapasa chini, ukapata mahali. Mabega yakatulia. Akapita. Akapita, jamani! Mgongo umenyooka, miguu ile mirefu inakwenda taratibu kila mmoja kwa zamu yake, mpaka kona ya mwisho, mpaka getini kwao.

Silvanus alikuwa analia. Hakujificha. Alijifuta kwa kofia, akaivaa tena ikiwa imelowa.

Chaji aliyekuwa hajamaliza andazi akataka kushangilia, Dorkasi akamwonyesha kijiko. Na kabla hatujapumua vizuri tukasikia viatu vinakimbia. Witness anarudi. Ametua ndoo, anakuja mbio, macho yamemtoka.

Witness: Shikamoo baba. Shikamoo Mzee Tajewo. Shikamooni. Jamani, kuna msiba?

Silvanus: Msiba?

Witness: Mmenyamaza wote! Hata Chaji! Nani amefariki? Ni shangazi?

Tulicheka mpaka siti ya Landkruza ikalia springi zake zote. Mama Nareyu naye alicheka, ingawa ndiye pekee aliyekuwa hajatenda kosa. Witness akasimama katikati yetu bila kuelewa, halafu naye akaanza kucheka kwa kuwa baba yake anacheka, na alikuwa hajamwona akicheka siku nyingi.

Halafu akamwendea Mzee Tajewo, akainamisha kichwa. Hakikuwa na ndoo. Mzee akautoa mkono wake mahali ulipokuwa umekaliwa, akauweka utosini kwa binti, akauacha pale kwa muda.

Tajewo: Entito, sikia mimi. Ukiwa na maji kichwani, wewe huna salamu ya mtu. Pita. Ukishatua, rudi hapa, utanisalimia. Mimi naweza kungoja.

Witness: Si mtasema nina kiburi?

Tajewo: Nani atasema? Mimi ndiye mkubwa hapa.

Witness: Mkianza wote kuongea, mzee, nasahau miguu yangu. Sijui hata iko ngapi.

Silvanus: Kwa nini hukuniambia, mwanangu?

Witness: Baba, ulikuwa unaongea.

Silvanus akatoa simu mfukoni. Akapiga, akasubiri, akaweka spika kwa sababu haoni vizuri vitufe na huwa anabonyeza chochote. Sauti ya Evarista ikaja kutoka Buger na majogoo nyuma yake.

Evarista: Kaka, nimeshafunga mzigo. Misa ya kwanza au ya pili?

Silvanus: Usije, dada. Yaani njoo kutusalimia, ila Witness haendi. Jumatatu anakwenda shule.

Evarista: Amepona?

Silvanus: Anaendelea vizuri. Anakua.

Evarista: Mmempa dawa gani?

Silvanus akatutazama mmoja mmoja, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma chupa kwenye kabati la duka la dawa.

Silvanus: Tumenyamaza.

Evarista: Nini? Kaka, sikusikii. Mmefanya nini?

Silvanus: Tumenyamaza, Evarista. Ndiyo, hapa hapa kijiweni. Wote. Nakuapia, dada, hata Chaji.